Kitu Kilichodhaniwa Kwenda Mbio: Uchambuzi wa Kisa cha "Go Fast"

Mnamo Januari 2015, ndege ya kivita ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, aina ya F/A-18F Super Hornet, ilikuwa katika mazoezi juu ya Bahari ya Atlantiki, mbali kidogo na pwani ya mashariki ya nchi hiyo, pamoja na kundi la meli la manowari ya kubeba ndege USS Theodore Roosevelt. Ndege hiyo ilikuwa na kamera ya ATFLIR, iliyotengenezwa na kampuni ya Raytheon, ambayo wakati huo ilikuwa ikisoma joto badala ya mwanga wa kawaida. Ndani walikuwamo watu wawili: rubani, na nyuma yake afisa wa mitambo ya silaha ambaye ndiye huiongoza kamera. Kwenye kioo cha mtambo kilipita kidoa cheupe, kidogo mno, kikikata mbele ya maji ya bahari kwa namna iliyomshinda afisa kukinasa mara moja. Kamera ilipokishika hatimaye na kuanza kukifuata yenyewe, wote wawili walipaza sauti kwa furaha na mshangao, na mmoja wao akauliza kwa ukali kidogo ni kitu gani hicho.

Sehemu iliyotolewa kwa umma ina sekunde 34 tu. Ilisambazwa kwanza Machi 2018 na shirika la To the Stars Academy, lililoasisiwa na mwanamuziki Tom DeLonge, kwa maelezo kwamba inaonyesha kitu kinachopita kwa kasi kubwa karibu na uso wa bahari. Tarehe 27 Aprili 2020 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliitoa rasmi pamoja na video nyingine mbili za wanamaji, ikathibitisha kwamba ni za kweli, na kwamba vitu vinavyoonekana ndani yake bado vimewekwa katika kundi la visivyotambuliwa. Wasomaji wengi walichukua maneno hayo mawili, kweli na visivyotambuliwa, wakayaunganisha kuwa dai la tatu ambalo wizara haikulitoa: kwamba mwendo unaoonekana kwenye picha nao ni wa kweli. Jina la faili, "Go Fast", yaani "enda mbio", lilikuwa limekwisha kuwapa hukumu kabla hawajatazama.

Malindi video hiyo iliingia kwa simu, kama ziingiavyo nyingi za aina yake, ikiwa imewekewa muziki wa kutisha na kukuzwa hadi kidoa kikajaa katikati ya kioo. Nakala iliyozungushwa katika kikao kimoja cha kahawa mjini hapa ilikuwa imekatwa pembeni, na kwa kukatwa huko ilipoteza kitu chenye thamani kuliko kidoa chenyewe, yaani nambari zinazozunguka picha. Mabishano yalikwenda yalivyotarajiwa. Wapo waliosema ni majini, wapo waliosema ni silaha ya siri ya Wachina, na wapo waliosema ni picha za kutengenezwa kwa kompyuta. Hayo hayana haja ya kutuchelewesha. Hoja yenye uzito ilitoka kwa nahodha mmoja mzee, aliyezoea kusikiliza kwanza na kusema mwisho.

"Mwanangu," alimwambia kijana aliyekuwa akiitetea hoja ya kompyuta, "mtu hafundishwi kazi yake. Hao ni marubani wa vita. Wakisema chaenda mbio, chaenda mbio."

Hoja hiyo si ya kubezwa, kwa maana ndiyo hoja iliyotolewa hata katika Bunge la Marekani: kwamba hawa ni watu waliofunzwa kutazama anga, wanaotegemea macho na vyombo vyao ili waishi, na kwamba ushahidi wao hauwezi kutupwa kana kwamba ni maneno ya mpita njia. Mimi naikubali karibu yote. Ninachokikataa ni kiungo kimoja tu, nacho ni dhana kwamba ustadi wa rubani unampa njia ya kujua umbali wa kidoa kisicho na umbo, kisicho na ukubwa unaojulikana, kinachotazamwa kupitia tundu jembamba la kamera yenye kukuza sana. Jicho la binadamu hukisia umbali kwa kulinganisha kitu na ukubwa wake wa kawaida, au na vitu vilivyo jirani yake. Kidoa hicho hakikuwa na kimoja kati ya hivyo, na nyuma yake palikuwa na maji matupu. Pasipo umbali hakuna kasi. Kuna kuhama kwa kitu kwenye kioo tu, na kuhama huko kwaweza kuwa kwa kitu, kwa maji, au kwa mtazamaji mwenyewe.

Kwa bahati, katika kisa hiki umbali ulikuwapo. Uliandikwa kwenye kioo kilekile, na yeyote anayeitazama nakala kamili anaweza kuusoma. Kioo kinaonyesha kwamba ndege ilikuwa katika urefu wa futi 25,000, yaani takriban mita 7,620 juu ya bahari. Kamera iliponasa kitu, ilikuwa imeinama nyuzi 26 chini ya usawa wa ndege, na mtambo uliandika kwamba kitu kiko umbali wa maili za baharini 4.4, ambazo ni karibu mita 8,150. Chora pembetatu mraba: upande wake mrefu ni mstari wa mshazari kutoka kwenye kamera hadi kwenye kitu, na upande wa wima ni kina ambacho kitu kimeshuka chini ya ndege. Kwa pembe ya nyuzi 26, upande wa wima ni takriban 0.44 ya upande mrefu, kwa hiyo kitu kilikuwa chini ya ndege kwa mita zisizozidi 3,600. Ukiziondoa katika 7,620 unabaki na zaidi kidogo ya mita 4,000. Kitu kilichodhaniwa kuparuza maji kilikuwa juu yake kwa futi 13,000.

Mwanafunzi yeyote wa sekondari aliyesoma uhusiano wa pembe na pande za pembetatu anaweza kulifanya zoezi hili kwa kalamu, na ndiyo sababu ninalipenda kuliko maelezo ya wataalamu. Haliombi imani. Wenyeji wa Malindi wana sababu ya ziada ya kulielewa, kwa kuwa huko Ngomeni, kaskazini mwa mji, ndiko Waitaliano walikoweka jukwaa la San Marco baharini, ambako satelaiti zilirushwa kuanzia 1967 hadi 1988, mojawapo ikiwa ni Uhuru, iliyopaa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu ya uhuru wa Kenya, ikawa satelaiti ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Kazi ya antena za ufuatiliaji huanza na maswali yaleyale matatu: chombo kiko upande gani, kimeinuka pembe gani, na kiko mbali kiasi gani. Jibu la tatu likikosekana, mawili ya mwanzo huonyesha mwelekeo tu.

Sasa turudi kwenye kasi, kwa kuwa ndipo udanganyifu wa picha ulipo. Endeleza ule mstari wa mshazari kutoka kwenye kamera, upitilize kitu, hadi ukutane na maji. Kwa pembe ileile ya nyuzi 26, mstari huo unagusa bahari baada ya mita 17,400 hivi. Maana yake ni kwamba maji yanayoonekana nyuma ya kidoa hayakuwa jirani nacho hata kidogo. Yalikuwa mbele zaidi kwa kilomita 9. Ndege nayo ilikuwa ikienda kwa takriban sehemu sita katika kumi za kasi ya sauti, ambazo katika urefu ule ni karibu kilomita 680 kwa saa. Tuchukue basi kwamba kitu kilikuwa kimesimama tuli angani, hakiendi popote, kama kilichotundikwa kwa kamba. Ndege inaposonga mbele, mstari kati ya kamera na kitu unazunguka juu ya kitu hicho, na ncha yake ya mbali inafagia maji kuelekea upande wa pili. Kwa vipimo tulivyokwisha kuvipata, ncha hiyo ingefagia bahari kwa kasi ya kilomita 770 kwa saa. Hiyo ni kasi ya ndege ya abiria, nayo imetoka kwa kitu ambacho tumekubaliana kwamba hakisogei. Mtazamaji anayeamini kwamba kidoa kiko juu ya maji atakipa kidoa kasi yote hiyo, na atakuwa ameitoa kwenye ndege yake mwenyewe bila kujua.

Jambo hili wanasayansi huliita paralaksi, na nilipolieleza katika kikao kile nililieleza kwa mfano wa bahari, kwa kuwa hapakuwa na mtu asiyeujua.

"Nahodha, mashua ikitia nanga kati yako na ufuo, nawe wapita nje kwa mashini, huioni yarudi nyuma mbio mbele ya majumba?"

"Naiona," alijibu. "Lakini mimi najua imetia nanga. Hao wangejuaje?"

Sijasikia mtu akikiweka kisa hiki vizuri kuliko hivyo. Nahodha haoni kwa namna tofauti na rubani. Anachomzidi ni habari ya nanga, ambayo ameipata nje ya kile anachokiona. Rubani na mwenzake hawakuwa na habari hiyo akilini katika sekunde zile, ingawa mtambo ulikuwa ukiwaandikia. Walikuwa na kazi ya kukinasa kitu, kidoa kilikuwa kikiwaponyoka, na furaha inayosikika katika sauti zao ni ya mtu aliyefaulu katika jambo gumu. Kuwaita waongo, kama walivyofanya baadhi ya wapinzani wa habari hizi, ni kukosa adabu na pia ni kukosa hoja, kwa sababu hakuna walichokisema ndani ya video hiyo ambacho si kweli. Hawakutaja kipimo chochote cha kasi wala cha urefu. Hayo yaliongezwa baadaye na watu waliokuwa ardhini, wenye muda wa kutosha wa kusoma nambari.

Kasi halisi ya kitu ilitafutwa na jopo huru lililoteuliwa na NASA chini ya uenyekiti wa mwanafizikia wa anga David Spergel, lililotoa ripoti yake Septemba 2023. Jopo lilitumia nambari hizohizo za kwenye kioo, likafikia urefu uleule wa futi 13,000, kisha likapima mahali kitu kilipokuwa mwanzoni na mwishoni mwa kipindi cha sekunde 22. Lilipata kwamba kitu kilisogea takriban mita 390. Katika muda huohuo ndege ilikuwa imekwenda zaidi ya kilomita 4. Mita 390 kwa sekunde 22 ni wastani wa kilomita 64 kwa saa, na jopo likaongeza kwamba mwendo huo ni wa kawaida kwa upepo wa urefu ule. Mabaharia wa pwani hii hawatashangazwa na wazo kwamba upepo wa juu una mambo yake: mara nyingi huonekana mawingu ya juu yakienda upande ambao tanga la chini halina habari nao. Kitu kinachopeperushwa tu, kisicho na injini wala nia, kingeweza kutimiza yote yanayoonekana katika video hii.

Kuna dalili moja zaidi ambayo haipewi nafasi inayostahili. Kamera ilikuwa imewekwa katika hali ambayo vitu vyenye joto huonekana vyeusi na vyenye baridi huonekana vyeupe. Kidoa ni cheupe. Kwa hiyo kilikuwa cha baridi kuliko bahari iliyokuwa nyuma yake, na ripoti ya NASA inasema wazi kwamba hapana ushahidi wa joto la mtambo wa kukisukuma. Chombo kinachokwenda kasi ya ajabu katika hewa nzito ya karibu na maji kingetarajiwa kupata moto kwa msuguano peke yake, hata kama injini yake ni ya aina tusiyoijua. Kitu kinachoelea katika urefu wa kilomita 4, ambako hewa ni baridi, kingeonekana hivyohivyo kilivyoonekana. Wanaozungusha video hii humwambia mtazamaji atazame kidoa, lakini ni wachache wanaomwambia rangi yake ina maana gani.

Pingamizi moja linahitaji kujibiwa kwa uangalifu, kwa sababu si la kishabiki. Hesabu yote imejengwa juu ya nambari ya umbali. Je, nambari hiyo ikiwa na kosa? Ili kitu kiwe juu ya maji kweli, umbali wake ungepaswa kuwa zaidi ya maili za baharini 9, yaani zaidi ya maradufu ya ule ulioandikwa, na kosa la kiasi hicho lingelazimika kuendelea kwa utaratibu uleule sekunde baada ya sekunde. Katika video, kadiri ndege inavyosonga, umbali unapungua na pembe ya kamera inazidi kuinama, na ukiirudia hesabu kwa nambari za mwishoni unapata karibu urefu uleule wa futi 13,000. Nambari zinazokosea ovyo hazikubaliani namna hiyo. Tarehe 19 Novemba 2024, Jon Kosloski, mkurugenzi wa AARO, ofisi iliyoundwa 2022 ndani ya Wizara ya Ulinzi kuchunguza matukio haya, aliieleza kamati ndogo ya Seneti kwamba ofisi yake nayo imefikia urefu huohuo, na kwamba mwendo wa kasi unaoonekana ni matokeo ya paralaksi. Ilikuwa miaka karibu 7 tangu video iingie hadharani, wakati nambari za kuutatua mwendo huo zilikuwapo tangu siku ya kwanza. Hapo lawama naiweka kwa waliokuwa na nyenzo na wajibu wa kusema, wakanyamaza; ukimya wao ndio uliowapa wafanyabiashara wa mafumbo soko.

Ikumbukwe pia kilichotatuliwa na kisichotatuliwa. Mwendo umetatuliwa. Kitu chenyewe hakijapewa jina: si jopo la NASA wala AARO waliotamka kwamba ni puto, ndege wa mwituni au kingine. Wanaosema kwa uhakika kwamba ni puto wanaruka hatua, ingawa wanaruka kuelekea upande wenye mantiki. Bado neno kutotambuliwa linafaa kutumika kwa kitu hicho, ila sasa lina uzito mdogo sana, sawa na wa chombo chochote kidogo kinachoonekana mbali baharini kisijulikane ni cha nani.

Wala kisa hiki hakitoshi kufunga milango ya visa vingine. Katika kundi lilelile la meli alikuwamo rubani Ryan Graves, ambaye baada ya kuacha jeshi alitoa ushahidi kwa kiapo mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi tarehe 26 Julai 2023. Alieleza kwamba baada ya ndege za kikosi chake kufungwa rada mpya walianza kuona vitu visivyojulikana katika eneo la mazoezi karibu na Virginia Beach, na kwamba safari moja ndege mbili zilipishana na kitu mfano wa mchemraba wa rangi ya giza ndani ya tufe la kupenyeza mwanga, kilichopita kati yao, ndani ya futi 50 kutoka ndege iliyoongoza. Alisisitiza usalama wa marubani, na kwamba wengi hawaripoti kwa kuogopa kuchekwa. Hofu hiyo ina msingi: utaratibu mpya wa wanamaji wa kuripoti matukio ya namna hii ulitangazwa 2019 tu, na ripoti ya kwanza ya idara za ujasusi ya Juni 2021 ilikusanya taarifa 144 kuanzia 2004, ambapo moja tu ndiyo iliyotambuliwa kwa uhakika mkubwa, nayo ilikuwa puto kubwa lililokuwa likiishiwa na hewa. Wengi hunukuu zile 143 zilizosalia kana kwamba ni maajabu 143. Ripoti yenyewe ilitaja uhaba wa data, na data ndicho kitu ambacho "Go Fast" ilikuwa nacho na nyingi nyingine hazikuwa nacho.

Nilipomaliza kuichora pembetatu kwenye karatasi, nahodha aliitazama kwa muda, akaigeuza, kisha akauliza juu ya ule mchemraba uliopita katikati ya ndege mbili: hesabu yake ikoje? Nilimwambia kwamba kwa huo sina hesabu. Hapo kuna ushahidi wa maneno uliotolewa kwa kiapo, nao unastahili kusikilizwa kwa heshima, lakini katika ushahidi huo uliosemwa hadharani hamna pembe, mwelekeo wala mfululizo wa umbali kwa sekunde, na pasipo hivyo hapana pembetatu ya kuchora.